Udhibiti wa runinga janja kwa kompyuta

Udhibiti wa runinga janja kwa kompyuta ni njia ya kuendesha runinga janja kwa amri zinazotumwa kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao wa nyumbani, badala ya kutumia rimoti ya mkononi. Kompyuta na runinga huunganishwa kwenye ruta moja, kwa Wi-Fi au kwa kebo, kisha programu iliyo ndani ya kompyuta huiambia runinga iongeze sauti, ibadilishe chaneli, ifungue programu fulani au ijizime.

Amri hizo husafiri ndani ya nyumba tu, kutoka kompyuta hadi ruta na kutoka ruta hadi runinga. Kwa sababu hiyo kwa kawaida hazitumii bando la intaneti, na runinga inaweza kuendelea kuongozwa hata wakati huduma ya intaneti imekatika, mradi ruta yenyewe ina umeme.

Udhibiti huu haufanani na urushaji wa picha, ambapo filamu, muziki au kioo kizima cha kompyuta huoneshwa kwenye runinga. Mambo hayo mawili mara nyingi hutumika pamoja, lakini katika udhibiti kinachosafiri ni amri fupi za maneno machache.

Historia

Rimoti za kwanza za runinga zilitengenezwa na kampuni ya Zenith ya Chicago, Marekani. Mwaka 1950 ilitoa rimoti iitwayo Lazy Bones, iliyounganishwa na runinga kwa waya mrefu uliowakwaza watu sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi Eugene Polley alitengeneza Flash-Matic, iliyofanya kazi kama tochi: mtazamaji alimulika moja kati ya pembe nne za kioo, na kila pembe ilikuwa na kazi yake. Kasoro yake ilikuwa kwamba mwanga wa jua nao uliweza kubadilisha chaneli. Mwaka 1956 Robert Adler wa kampuni hiyohiyo alileta Space Command, iliyotumia sauti ya masafa ya juu isiyosikika kwa binadamu. Haikuhitaji betri, kwa kuwa kitufe kiligonga kipande cha alumini kilichotoa sauti hiyo.

Baadaye miale ya infraredi ilichukua nafasi ya sauti, na ndiyo inayotumika katika rimoti nyingi mpaka leo. Miale hiyo ni nafuu kutengeneza, lakini haipenyi ukuta, huhitaji rimoti ielekezwe kwenye runinga, na huenda upande mmoja tu: rimoti haiwezi kujua kama runinga imewaka au sauti yake imefika kiwango gani.

Runinga zilipoanza kuunganishwa na mtandao, vizuizi hivyo viliweza kuondolewa. Jukwaa la UPnP lilianzishwa mwaka 1999 ili vifaa vya nyumbani viweze kutambuana vyenyewe kwenye mtandao. Mwaka 2003 makampuni ya vifaa vya elektroniki yaliunda umoja uliokuja kujulikana kwa jina la DLNA, uliotoa kanuni za kushirikiana picha, muziki na video kati ya vifaa vya makampuni tofauti. Umoja huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini vifaa vingi bado vinafuata kanuni zake. Hata hivyo hakukupatikana lugha moja ya kudhibiti runinga zote. Kila mtengenezaji aliweka itifaki yake, na hali hiyo inaendelea.

Jinsi inavyofanya kazi

Udhibiti kupitia mtandao hupitia hatua nne: runinga hupata anwani, kompyuta huigundua, vifaa viwili huoanishwa, kisha amri hutumwa.

Anwani

Kila kifaa kinapojiunga na mtandao wa nyumbani, ruta hukipa anwani ya IP. Anwani za nyumbani hutoka katika mafungu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani, kwa mfano zile zinazoanza na 192.168 au na 10. Runinga inaweza kupewa 192.168.1.20 na kompyuta 192.168.1.15. Anwani hizi hazifikiki moja kwa moja kutoka intaneti.

Anwani iliyotolewa na ruta inaweza kubadilika baada ya umeme kukatika au runinga kukaa muda mrefu ikiwa imezimwa. Programu iliyozoea anwani ya zamani huanza kuita mahali ambapo hakuna mtu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuiwekea runinga anwani ya kudumu. Ruta huitambua runinga kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao.

Ugunduzi

Kompyuta isiyojua anwani ya runinga huuliza mtandao mzima. Itifaki ya SSDP, ambayo ni sehemu ya UPnP, hutuma ujumbe kwa anwani ya kundi 239.255.255.250 kwenye poti 1900, na vifaa vinavyohusika hujibu kwa kutaja jina, aina na anwani zao. Itifaki ya pili ni mDNS, inayotumia anwani 224.0.0.251 na poti 5353. Chromecast na runinga zenye Google Cast hujitangaza kwa njia hii ya pili.

Poti ni namba inayoonesha ujumbe unakusudiwa huduma ipi ndani ya kifaa. Anwani ya IP inaweza kulinganishwa na nyumba, na poti na chumba kimojawapo cha nyumba hiyo.

Kuoanisha

Kama runinga ingetii kila amri inayofika, mgeni yeyote aliyepewa nywila ya Wi-Fi angeweza kuibadilisha. Kwa hiyo mifumo mingi hutaka idhini kwanza. Kompyuta inapojaribu kuunganika kwa mara ya kwanza, runinga huonesha ujumbe kwenye kioo ukiuliza kama kifaa hicho kiruhusiwe, au huonesha namba ya siri inayopaswa kuandikwa kwenye kompyuta. Ni lazima mtu awe mbele ya runinga akiwa na rimoti ya kawaida ili akubali.

Baada ya kukubaliwa, runinga huipa programu ufunguo, ambao ni mfuatano mrefu wa herufi na namba. Programu huuhifadhi na kuutoa kila inaporudi, hivyo idhini haiombwi tena. Ufunguo ukipotea, au runinga ikirudishwa katika hali ya kiwandani, kuoanisha huanza upya.

Amri

Amri hutumwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ombi la HTTP, aina ileile inayotumiwa na kivinjari kufungua tovuti: kila amri ni ombi moja na jibu lake. Ya pili ni WebSocket, ambapo kompyuta na runinga hubaki zimeunganishwa na kila upande unaweza kuzungumza wakati wowote. Kwa njia ya pili runinga yenyewe inaweza kuiarifu kompyuta kwamba sauti imeongezwa au chaneli imebadilishwa.

Itifaki za watengenezaji

Roku. Vifaa na runinga za Roku hupokea maombi ya HTTP kwenye poti 8060. Ombi la aina ya POST kwenda /keypress/Home ni sawa na kubonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, na ombi la aina ya GET kwenda /query/apps hurudisha orodha ya programu zilizomo. Mtengenezaji amechapisha maelezo ya itifaki hii, na katika mipangilio ya kifaa kuna sehemu inayoamua kama programu za nje ziruhusiwe kukidhibiti.

Samsung. Runinga za zamani zilipokea amri kwenye poti 55000. Zile za mwaka 2014 na 2015 zilileta usimbaji fiche na namba ya siri. Kuanzia mwaka 2016, runinga zinazotumia mfumo wa Tizen hutumia WebSocket, kwenye poti 8001 au, kwa mawasiliano yaliyosimbwa, poti 8002. Amri hutajwa kwa majina ya vitufe, kwa mfano KEY_VOLUP ya kuongeza sauti na KEY_MUTE ya kunyamazisha.

LG. Runinga za mfumo wa webOS hutumia WebSocket kwenye poti 3000, au 3001 kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Amri zake si majina ya vitufe pekee. Programu inaweza kuomba moja kwa moja sauti iwekwe kwenye kiwango cha 15, au kuuliza ni programu gani inayoonekana kwa wakati huo.

Sony. Runinga za Bravia hupokea maombi ya HTTP yenye ujumbe wa JSON. Mmiliki anaweza kuchagua neno la siri katika mipangilio ya runinga, na programu hulituma neno hilo pamoja na kila ombi.

Android TV na Google TV. Mfumo huu hutumiwa na makampuni mengi. Una itifaki ya rimoti ya mtandao, ambayo huoanishwa kwa namba inayooneshwa kwenye kioo. Njia nyingine ni adb, chombo cha wasanidi programu kinachowasiliana kupitia poti 5555. Ili kuitumia, mtu hufungua mipangilio ya runinga na kwenda mahali penye maelezo ya kifaa, kisha hubonyeza mara 7 kwenye mstari wa toleo la mfumo. Hapo hutokea chaguo za wasanidi programu, ambako utatuzi wa hitilafu huwashwa. Kwenye kompyuta huandikwa:

adb connect 192.168.1.20
adb shell input keyevent 24

Mstari wa kwanza huunganisha, na runinga huomba idhini. Mstari wa pili huongeza sauti kwa hatua moja. Namba nyingine ni 25 ya kupunguza sauti, 164 ya kunyamazisha, 3 ya kurudi mwanzo, 4 ya kurudi nyuma na 26 ya kuwasha au kuzima.

Kodi. Kodi ni programu huria ya kuchezea filamu na muziki inayoweza kuwekwa kwenye runinga au kwenye kompyuta ndogo iliyounganishwa nayo. Ina ukurasa wake wa udhibiti unaofunguliwa kwa kivinjari chochote, mara nyingi kwenye poti 8080, baada ya mmiliki kuuruhusu katika mipangilio.

Mtu mwenye runinga za makampuni mbalimbali anaweza kutumia programu inayozijua lugha hizi zote. Mojawapo ni Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo huendeshwa kwenye kompyuta ya nyumbani na kuweka runinga, taa na vifaa vingine katika ukurasa mmoja.

Kuwasha runinga iliyozimwa

Kuzima runinga kwa mtandao ni rahisi kuliko kuiwasha, kwa sababu runinga iliyozimwa huenda haisikilizi amri za kawaida. Runinga nyingi hutatua jambo hili kwa Wake-on-LAN. Katika njia hii kadi ya mtandao hubaki macho kwa umeme kidogo ikisubiri pakiti maalumu. Pakiti hiyo huanza na baiti 6 zenye thamani ya juu kabisa, kisha anwani ya MAC ya runinga hurudiwa mara 16, jumla baiti 102. Kadi ikiona anwani yake ndani ya pakiti, huiamsha runinga.

Njia hii hufanya kazi tu kama imeruhusiwa katika mipangilio ya runinga na kama runinga ina umeme. Runinga iliyochomolewa au iliyozimwa kwenye swichi ya ukutani haiwezi kuamshwa. Pia baadhi ya runinga huamka kwa kebo ya mtandao lakini si kwa Wi-Fi.

Ving'amuzi na vifaa vingine

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki matangazo hupokelewa kwa king'amuzi kilichounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI au AV. Hapo runinga ni kioo tu, na chaneli huchaguliwa na king'amuzi. Kompyuta inaweza kupandisha sauti ya runinga au kuhamia kwenye tundu la king'amuzi, lakini amri ya kubadilisha chaneli inayotumwa kwa runinga haitakuwa na athari.

Kuna njia mbili za kuvuka kizuizi hicho. Ya kwanza ni HDMI-CEC, inayowezesha vifaa vilivyounganishwa kwa waya wa HDMI kupelekeana amri. Makampuni huiita kwa majina yao: Anynet+ kwa Samsung, Simplink kwa LG na Bravia Sync kwa Sony. Hufanikiwa ikiwa king'amuzi nacho kina uwezo huo. Ya pili ni kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachopokea amri kutoka mtandaoni na kuzigeuza kuwa miale ya infraredi, kikiwa kimewekwa mahali kinapoonana na king'amuzi. Kifaa cha namna hii kinaweza pia kuongoza runinga ya zamani isiyo na mtandao.

Matumizi

Watu wengi hukutana na njia hii mara ya kwanza pale rimoti inapopotea au kuharibika. Hapo hukabiliwa na ugumu mmoja: kuoanisha huhitaji mtu akubali kwenye runinga, na bila rimoti hawezi kubonyeza. Runinga nyingi zina kitufe chini au nyuma ya kioo, na baadhi hukubali kibodi au kipanya cha USB. Ni busara kuoanisha kompyuta au simu mapema, rimoti ikiwa bado nzima.

Kwa mtu mwenye ulemavu wa mikono au asiyeona, udhibiti huu unaweza kumpa uhuru ambao rimoti haimpi. Kompyuta inaweza kupokea amri kwa sauti, kwa swichi moja kubwa au kwa mwendo wa macho, kisha ikazipeleka kwa runinga. Msomaji wa kioo anaweza kumsomea mtumiaji asiyeona majina ya vitufe vilivyo kwenye ukurasa wa udhibiti. Hivyo mtu huyo hahitaji kumwomba mwingine kila anapotaka kubadilisha chaneli.

Matumizi mengine ni kuandika maneno marefu kwa kibodi badala ya kuchagua herufi moja moja kwenye kioo, kuzima runinga ya watoto saa ya kulala, na kuendesha runinga nyingi kwa pamoja katika hoteli, shule au chumba cha kusubiria wagonjwa.

Usalama

Runinga inayotii amri za mtandao inaweza kutii amri za mtu asiyehusika. Matukio kadhaa yameonesha hatari hiyo.

Mwezi Februari 2018 shirika la Marekani la kutetea walaji, Consumer Reports, lilitangaza kwamba runinga za Samsung na vifaa vinavyotumia Roku viliweza kubadilishwa chaneli na sauti na mtu wa mbali kutokana na udhaifu katika njia zao za kupokea amri. Mwezi huohuo watafiti wa kampuni ya Qihoo 360 ya China waligundua programu hasidi iliyopewa jina la ADB.Miner. Ilisambaa kupitia poti 5555 kwenye vifaa vya Android vilivyoachwa wazi, zikiwemo runinga janja, na kuvitumia kuchimba sarafu ya kidijitali. Mwezi Januari 2019 wavamizi walionesha video yao kwenye maelfu ya runinga na vifaa vya Chromecast. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu ruta za wenye nyumba zilikuwa zimefungua poti kuelekea intaneti kwa njia ya UPnP. Mwaka 2024 kampuni ya Bitdefender ilieleza udhaifu katika mfumo wa webOS, uliowezesha mtu kujipatia ruhusa bila idhini ya mmiliki. Ilikuta zaidi ya vifaa 91,000 vinavyoonekana kutoka intaneti, ingawa huduma hiyo ilikusudiwa kutumika ndani ya nyumba. LG ilitoa masasisho ya kurekebisha kasoro hizo.

Hata mtandao uliofungwa vizuri unaweza kupenyezwa kwa kupitia kivinjari. Katika mbinu moja, tovuti yenye nia mbaya hudanganya kivinjari cha kompyuta iliyo nyumbani ili kipeleke maombi kwa vifaa vya ndani. Mwaka 2018 mtafiti Brannon Dorsey alionesha kwamba Roku na Chromecast zilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyofikika kwa mbinu hiyo.

Hatua zifuatazo hupunguza hatari:

- Kutofungua poti za runinga kwenye ruta kuelekea intaneti, na kuzima UPnP ya ruta kama haihitajiki.
- Kusasisha mfumo wa runinga na wa ruta.
- Kukataa ombi la kuoanisha ambalo halikuanzishwa na mtu wa nyumbani.
- Kuzima utatuzi wa hitilafu wa adb baada ya kuutumia.
- Kuwapa wageni mtandao wa Wi-Fi wa pekee, wasiingie kwenye mtandao wenye runinga.
- Kufuta ruhusa za vifaa vya zamani kabla ya kuuza runinga au kumpa mtu mwingine.

Anayehitaji kuidhibiti runinga akiwa mbali na nyumbani hushauriwa kutumia VPN inayomrudisha ndani ya mtandao wake, badala ya kuiweka runinga yenyewe wazi.

Matatizo ya kawaida

Kompyuta haiioni runinga. Mara nyingi vifaa viwili havipo kwenye mtandao mmoja: kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni, au ruta imewekwa itenganishe vifaa vya Wi-Fi visionane. Faiwoli ya kompyuta nayo inaweza kuzuia majibu ya SSDP na mDNS. Kuandika anwani ya IP ya runinga moja kwa moja huonesha kama tatizo liko kwenye ugunduzi tu.

Hakuna ruta nyumbani. Simu janja inaweza kugawa mtandao wake, na runinga na kompyuta zikajiunga nao. Mara nyingi vifaa hivyo huonana kama kwenye ruta. Lakini runinga iliyounganishwa hivyo inaweza kupakua masasisho na picha za matangazo, na hizo hula bando la simu.

Programu iliyofanya kazi jana imekataa leo. Huenda anwani ya runinga imebadilika, ufunguo umefutwa, au mtengenezaji amebadilisha itifaki katika sasisho. Hili la mwisho hutokea hasa pale itifaki isipochapishwa rasmi na waandishi wa programu huria wakalazimika kuigundua wenyewe kwa kuchunguza mawasiliano ya runinga.

Runinga huzimika lakini haiwaki. Uwezo wa kuamshwa kwa mtandao unaweza kuwa umefungwa, au hali ya kuokoa umeme inakata mtandao wakati runinga imezimwa.